Mtumbwi wa Mzee Kagaruki

Byarugaba alikuwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi, tezo mkononi, maranda yamemjaa mpaka kwenye nyusi, pale Mwenyekiti wa kijiji alipotokea kati ya migomba akikimbia. Mwenyekiti Apolinary hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa na tumbo la heshima na viatu vya ngozi alivyovivaa kwa ajili ya misa na mikutano tu, na asubuhi hiyo ya Jumanne hapakuwa na misa wala mkutano.

"Ta Byarugaba," alisema, akashika ukingo wa mtumbwi ili apate pumzi. "Wanatuhamisha."

"Wanamhamisha nani?"

"Sisi sote. Kaya arobaini na mbili. Tunakwenda kuishi ziwani."

Byarugaba alitazama huku na huku, kama kwamba ziwa lingeweza kuwa limesogea bila yeye kuambiwa. Lakini kilima kilikuwa kilekile: migomba, mibuni chini ya migomba, moshi wa jiko la mkewe, na mbali kabisa, kule ambako macho ya vijana ndiyo yanayofika, ule mstari mwembamba wa maji ambao kwa miguu ulichukua nusu siku kuufikia. Alikuwa ameufikia mara mbili katika miaka yake hamsini na minne. Mara zote mbili alisimama pale mchanga mkavu unapoishia.

Maana mtumbwi aliokuwa akiuchonga haukuwa wa ziwani. Wahaya wana neno moja, *obwato*, kwa vyombo viwili: kile kinachobeba wavuvi kwenda kisiwa cha Bumbire, na kile kinacholala nyuma ya nyumba, ambamo ndizi mbivu hurundikwa pamoja na nyasi, wanaume wakazikanyaga kwa miguu hadi zitoe maji yake matamu, yakatiwa mtama uliokaangwa na kesho yake yakawa pombe ya rubisi. Byarugaba alichonga hicho cha pili. Baba yake alichonga hicho cha pili, na babu yake vilevile. Hapakuwa na harusi wala matanga, kutoka kilimani pale hadi mabonde matatu ya mbele, ambapo watu hawakunywa kitu kilichopitia kwenye mti uliochongwa na ukoo wao.

Mwenyekiti alikunjua barua. Alikuwa amesoma Kashozi kwa mapadre, na barua za serikali alizisoma kwa sauti ya epistola, kama yuko misani.

"'Kwa kuwa kijiji cha Omubwato kina historia ndefu ya uundaji wa vyombo vya majini, imeamuliwa kwamba wananchi wake wahamie ufukoni kabla ya mvua za vuli, wajiunge na kijiji cha ujamaa cha uvuvi, na waunde mitumbwi minane kwa kuanzia. Mtaalamu atafika siku ya Ijumaa kuthibitisha.'" Aliishusha barua. "Minane, Ta Byarugaba. Kwa kuanzia."

Byarugaba aliitazama tezo yake. Alijua mara moja, bila kuambiwa na mtu, kosa lilikuwa la nani.

Miezi mitano nyuma alikuja karani na fomu ya kuandikisha kijiji. Waliandika idadi ya watu, ya mbuzi, ya mibuni. Kisha karani akafikia swali la saba: asili ya jina. Omubwato, yaani ndani ya mtumbwi. Kwa nini paitwe ndani ya mtumbwi, na maji hayapo? Wazee walitazamana. Kijana mmoja nyuma alianza kucheka chinichini, na kicheko chake kikaanza kutambaa kwenye mabenchi. Byarugaba alikijua kicheko hicho tangu utotoni. Kabla hakijafika mbele, alikwisha simama.

"Hapa," alisema, "ndipo ulipochongwa mtumbwi wa Omukama, mfalme wetu."

Hakujua maneno yalitoka wapi. Lakini yalipoanza kutoka hayakusimama. Mti mmoja tu, waitu, bwana mkubwa. Ulichongwa kwa miezi sita. Ukabebwa hadi ziwani na wanaume mia mbili wakiimba. Karani aliandika, akageuza fomu, akaendelea kuandika nyuma. Na wazee wote waliojua ukweli walinyamaza, kwa sababu ghafla kijiji chao kilikuwa na historia nzuri kuliko vijiji vya jirani, na ni nani angependa kuirudisha?

Mkewe, Kokwijuka, aliipokea habari ya barua akiwa anamenya ndizi, na hakusimamisha kisu.

"Baba Felicitas, ulimpa Omukama mtumbwi mmoja," alisema. "Sasa serikali inataka minane. Ungempa na meli, leo tungekuwa wapi?"

"Nitarekebisha."

"Utarekebishaje?"

"Nitasema miti imekwisha."

Kokwijuka alimtazama kwa muda mrefu. Nyuma yake ulisimama muhumula, mti ambao watu watatu hawakuweza kuukumbatia. Nyuma ya huo ulisimama mwingine.

"Sema ukweli," alisema.

"Huo siusemi."

"Kila mtu anaujua."

"Anaujua nusu," alisema Byarugaba, akarudi kwenye maranda yake. Siku tatu zile alichonga vibaya. Tezo iliyozoea kuinua ganda jembamba kama la kitunguu iliruka, ikauma, ikaacha makovu, na ilimbidi ayalainishe yote upya. Usiku hakulala vizuri. Aliwaza kibanja, alikozikwa baba yake na alikozikwa babu yake, na migomba ambayo mama yake aliipanda kwa mikono. Aliwaza Kokwijuka akipika juu ya mchanga.

Ijumaa mtaalamu alifika kwa pikipiki. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, jina lake Saburi, mwenyeji wa Bakoba pale Bukoba mjini, ambako babu yake aliyetoka pwani aliweka duka na kuoa. Maafisa wa uvuvi kama yeye, kilimani waliwaita bwana samaki. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, wanaume kwenye mabenchi ya shule, wanawake kwenye mikeka. Kokwijuka alipeleka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyostahili. Saburi alichukua punje mbili, akashukuru, akatafuna kama mtu aliyeizoea.

"Huyu ni mtoto kabisa," mzee mmoja alimwambia mwenzake kwa Kihaya. "Huyu hata tukimwambia ziwa limekauka ataandika."

"Halijakauka, tata," alijibu Saburi kwa Kihaya safi, akimwita baba. "Nimepita kando yake asubuhi hii."

Mzee yule alianza kutafuta kitu chini ya benchi na hakukipata mpaka mkutano ulipokwisha.

Saburi alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Angekuwa mkali wangejua la kumfanya. Lakini alipenda vyombo vya majini kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe, na kwa miaka miwili ofisi ilikuwa imemfungia kwenye chumba chenye mafaili. Aliomba aonane na fundi.

"Mzee wangu, mtumbwi wa Omukama ulikuwa na makasia mangapi?"

"Arobaini," alisema Byarugaba, ambaye hakuwahi kushika kasia.

"Arobaini! Na urefu?"

"Mrefu sana, waitu."

"Lakini sasa miti imekwisha," alidakia Mwenyekiti, kama walivyopanga.

Saburi aliinua macho, akatazama juu ya mabega ya Mwenyekiti, akatazama kulia, akatazama kushoto. Msitu mzima ulikuwa umesimama pale ukimsikiliza.

"Ile ni mikuyu, haichongeki," Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo.

"Si neno. Mbao zitaletwa. Kinachotakiwa hapa ni ule ujuzi." Akamgeukia Byarugaba. "Nimeambiwa kuna mmoja unaouchonga sasa hivi. Nionyeshe, mzee."

Hapakuwa na jinsi. Wakaenda wote, kijiji kizima kikifuata katikati ya migomba, mpaka nyuma ya nyumba ya Byarugaba ulikolazwa mtumbwi. Ulikuwa karibu kwisha. Tumbo lake lilikuwa jeupe, lenye harufu ya mti mbichi, na siku hiyo jua lilikuwa limeingia ndani na kutulia.

Saburi aliuzunguka. Akauzunguka tena. Uso wake ulianza kubadilika, kama uso wa daktari anayempapasa mgonjwa.

"Tezi iko wapi?"

"Hii hapa," alisema Byarugaba, akainua tezo.

"Nasema tezi, mzee, si tezo. Nyuma ya chombo. Na omo, mbele. Nitajuaje kinakwenda wapi?"

"Hakiendi."

"Halafu kimekatwa butu pande zote mbili. Maji utayapasua kwa kitu gani? Na tumbo ni bapa mno." Aliingia ndani, akasimama miguu wazi, akajitikisa kulia na kushoto kama mtu aliye kwenye mawimbi. Wanawake walifunika midomo kwa kanga. "Na kitobo hiki hapa chini! Mzee wangu, samahani, wewe ni mkubwa kwangu. Lakini mtumbwi huu unavuja."

Byarugaba alipiga hatua moja mbele, tezo mkononi.

Angeweza kuvumilia kuitwa mwongo. Angeweza, pengine, kuvumilia kuhamishwa. Lakini mtu mwenye miwani alikuwa amesimama kwa viatu ndani ya kazi yake ya wiki sita, mbele ya watu wote, akisema kwamba inavuja.

"Hauvuji!" alipaza sauti. "Hicho ni kitobo cha kutolea maji ya ndizi! Huwekwa kizibo! Katika ukoo wetu uliovuja ni mmoja tu, na huo —"

Alitambua amefika wapi. Akataka kurudi. Lakini nyuso mia moja zilikuwa zimemgeukia, na kati ya hizo ulikuwepo uso wa Ma Alistidia, mwanamke mzee kuliko wote kilimani, aliyeletwa kwa kushikwa mkono na kuketishwa juu ya gogo. Alikuwa amefumba macho. Kila mtu alidhani amelala.

"Na huo?" aliuliza Saburi.

Byarugaba aliketi juu ya maranda. Aliiweka tezo chini. Alipoanza kusema, alisema akiyatazama magoti yake.

"Hapakuwa na Omukama," alisema. "Palikuwa na babu yangu, Kagaruki. Siku ya harusi moja, walipokwisha kukanyaga ndizi na kuondoa maji, mtumbwi ulibaki mtupu, naye akaingia ndani akalala. Alikuwa amekunywa rubisi ya jana yake. Mchana ule ikanyesha mvua ya mawe. Kizibo kilikuwa mahali pake, kwa hiyo ukaanza kujaa. Maji ya mlimani yakaja kwa kasi, yakauinua, yakaushusha katikati ya migomba hadi nyuma ya nyumba ya jirani. Babu akaamka. Wingu lilikuwa zito, hakuona kitu, aliona maji tu. Akajua yuko ziwani. Alikuwa akiliogopa ziwa maisha yake yote."

Kijana wa nyuma alikwisha anza kucheka. Safari hii Byarugaba hakumwahi.

"Akaanza kupiga kasia kwa mikono. Akapiga mayowe, 'Nazama! Niokoeni!' Watu wakatoka majumbani. Wakamuuliza, 'Kagaruki, uko wapi?' Naye akajibu, '*Omubwato!* Katikati ya ziwa! Mwambieni mke wangu!' Alikuwa amezungukwa na migomba. Kuku walikuwa wamesimama wanamtazama."

Sasa kilima chote kilikuwa kinacheka, wazee kwa vijana, hata Mwenyekiti, ambaye tumbo lake lilitikisika bila ruhusa yake. Saburi alikuwa ameketi ukingoni mwa mtumbwi, miwani mkononi, akijifuta macho kwa tai.

"Hiyo ndiyo nusu mnayoijua," alisema Byarugaba.

Kicheko kilipungua, kikabaki hapa na pale, kikakoma.

"Baba aliniambia nyingine, nikiwa naanza kushika tezo. Babu alidhani anakufa, kwa hiyo aliungama. Alimwambia jirani aliyekuja kumtoa. Alisema mwaka uliopita alimchongea mtu mtumbwi, ukapasuka chini siku ya mwisho. Hakuutupa. Aliuziba ufa kwa nta na majivu, akaupaka vumbi, akampelekea. Yule mtu akapokea, akashukuru. Ndiyo sababu nilisema Omukama. Mnicheke kwa ulevi wa babu, haidhuru. Lakini mimi nachonga. Nikisema haya, nani atakuja kwangu tena?"

Jogoo aliwika kwa jirani, na wote wakamsikiliza hadi mwisho, kama kwamba naye ana hoja.

Kisha Ma Alistidia akafumbua macho.

"Ulivuja kweli," alisema.

Watu waligeuka.

"Ulikuwa wetu. Baba ndiye aliyepelekewa. Mimi nilikuwa msichana, ndimi niliyekata nyasi za kukamulia. Baba na kaka zangu walikanyaga tangu asubuhi, na walipotazama chini, maji yote ya ndizi yamevujia ardhini, yananyweka na nyuki." Alitikisa kichwa polepole. "Baba alikaa mwaka mzima anajilaumu. Alidhani wamekanyaga kwa nguvu mno."

"Nisamehe, mawe," alisema Byarugaba, akimwita mama.

"Nikusamehe nini, na sijamaliza? Wiki sita baada ya mvua ile, Kagaruki alikuja kwetu. Alikuja amebeba mwingine begani, na watu watatu wakimsaidia. Aliulaza nyuma ya nyumba, akachota maji kisimani mara kumi na mbili mwenyewe, akaujaza. Akaketi kando. Akaketi mpaka jua likazama, anatazama chini ya mtumbwi kama kutatoka tone." Alimnyooshea Byarugaba kidole kilichopinda. "Uko kwangu. Wajukuu wangu walikamulia ndani yake Pasaka hii. Uko kwangu mpaka leo, na wewe siku zote unapita pale kwa haraka, hujawahi hata kuuinamia."

Kokwijuka alikuja akasimama nyuma ya mumewe. Alianza kumtoa maranda nyweleni, moja moja, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya karatasi. Saburi alitoa kalamu, akafikiri, akakuna sikio.

"Wazee wangu, mimi nawaelewa. Lakini mkubwa wangu hawezi kupelekewa barua yenye pombe. Niandike nini?"

"Andika chombo cha ndizi," alisema Mwenyekiti.

"Chombo cha ndizi ni kikapu."

Wakajadiliana kwa muda. Ilipendekezwa *chombo cha asili*, ikapingwa. Ilipendekezwa *chombo cha sherehe*, ikaonekana inakaribia pombe. Hatimaye Mwenyekiti alikumbuka maneno aliyoyasikia redioni, akayasema kwa sauti ya epistola, na Saburi akayaandika kwa furaha: *Jina la kijiji latokana na chombo cha usindikaji wa mazao ya kilimo. Chombo hicho hakielei.*

"Kilielea siku moja," alisema kijana wa nyuma.

"Hiyo tusiiandike."

"Ongeza," alisema Byarugaba.

Saburi alimtazama.

"Ongeza: wala hakivuji."

Saburi aliongeza. Akapiga sahihi, akatafuna punje nyingine ya kahawa, akashikana mikono na kila mtu. Kabla ya kuwasha pikipiki, alimuuliza Byarugaba kama angeweza, siku moja, kumchongea mtumbwi mdogo wa kweli, wenye omo na tezi. Byarugaba alisema atafikiri. Wote wawili walijua hatafikiri.

Jibu lilichukua wiki saba kufika, na katika wiki hizo hakuna aliyepanda kitu kipya wala kuezeka paa, na Kokwijuka alifunga vyungu vyake viwili vizuri kwa magome ya migomba, tayari kwa safari. Lilipofika lilikuwa orodha ndefu ya vijiji iliyopigwa chapa, na Mwenyekiti aliipitisha kidole mpaka akaupata mstari wao. Omubwato: kilimo, ndizi na kahawa. Hawakuomba radhi, wala hakuna aliyewatazamia kuomba. Kokwijuka alivifungua vyungu vyake. Mvua za vuli zilipokuja zilimkuta kila mtu kwenye kibanja chake, akilalamikia mvua.

Ilikuwa asubuhi moja ya manyunyu, Novemba, mwezi wa senene, Byarugaba akiwa amehamishia kazi yake chini ya upenu, alipoona mtu akipanda kutoka ng'ambo ya bonde. Alikuwa mzee wa rika lake, amejifunika jani la mgomba kichwani, na kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama nyuma. Alipofika hakuingia. Alisimama nje ya upenu, manyunyu yakimdondoka puani.

"Naitwa Aroni," alisema. "Natoka kilima kile."

"Karibu, Ta Aroni. Unataka mtumbwi?"

"Sitaki mtumbwi." Aligeuka tena, akaona hakuna mtu, akasogea. "Nasikia wewe ndiye uliyesema ukweli mbele ya serikali, na hawakukufunga."

"Hawakunifunga."

"Na watu bado wanakuja?"

Byarugaba alionyesha kwa kidevu. Ukutani yalikuwa yameegemezwa magogo matatu, kila moja na alama ya mwenyewe.

Aroni aliyatazama kwa muda. "Sisi tuna kilima kilichopewa jina la mtu," alisema taratibu. "Kwenye fomu tumeandika alikuwa shujaa. Aliyezuia adui peke yake, kwenye njia nyembamba, siku nzima. Mwezi ujao wanatuletea bwana mmoja kutoka mjini, kuja kuweka jiwe la kumbukumbu."

"Na hakuwa shujaa?"

Aroni alivua jani la mgomba kichwani, akalikung'uta maji.

"Alikuwa mbuzi beberu," alisema.

Byarugaba hakucheka. Aliiweka tezo chini, akayasukuma maranda kwa mguu hadi pakapatikana mahali pakavu penye kutosha mtu mmoja, akapapiga kwa kiganja. Aroni aliingia akaketi. Ng'ambo ya bonde mvua ilikuwa imekwisha kifunika kilima kile kizima, na harufu ya udongo uliolowa ilikuwa inapanda kuwafuata, na Aroni, huku akitazama kule mahali ambapo kilima kilikuwa, akaanza kusimulia kwa sauti ya chini.